Mnara uliopotea angani: kuhariri picha nyeusi na nyeupe za majengo ya kale

Swali: Ninapiga picha za majengo ya kale: kuta za mawe, lipu ya chokaa, milango mikubwa ya mbao yenye nakshi. Kwa rangi zinapendeza, lakini nikizigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kila kitu kinakuwa kijivu kimoja. Nikiongeza kontrasti, vivuli vinazama. Nikilitia anga giza, linatoka madoa, na pembezoni mwa paa unabaki ukingo mweupe kama umechorwa kwa chaki. Nakosea wapi, na nifuate utaratibu gani?

Jibu: Tuanze na namba, maana ndizo zinazoonyesha kosa lilipo. Chukua jiwe la rangi ya mchanga lililopigwa na jua, lenye nyekundu 170, kijani 140 na buluu 100 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Nyuma yake kuna anga lenye nyekundu 100, kijani 150 na buluu 210. Kwa rangi, hakuna atakayevichanganya vitu hivi viwili. Sasa vigeuze kwa uwiano unaotumika sana kwenye programu, yaani asilimia 21 ya nyekundu, 72 ya kijani na 7 ya buluu. Jiwe linatoka 144. Anga nalo linatoka 144. Mnara umepotea angani. Ukiongeza kontrasti, namba hizo zitapanda pamoja au kushuka pamoja, kwa kuwa kontrasti inajua mwangaza tu, na mwangaza wao ni mmoja. Wakati huohuo milango na vivuli, ambavyo vilikuwa chini tangu mwanzo, vinasukumwa hadi weusi mtupu. Hilo ndilo linalokupata.

Utenganisho lazima ufanyike rangi zikiwa bado zipo. Ziangalie tena namba zilezile: kwenye chaneli nyekundu peke yake, yaani tabaka la picha lenye namba za nyekundu tu, jiwe ni 170 na anga ni 100, kwenye chaneli ya buluu jiwe ni 100 na anga ni 210. Ndani ya faili moja kuna mnara mweupe mbele ya anga jeusi, na kuna mnara mweusi mbele ya anga jeupe. Kazi yako ni kuamua unataka upi, kisha kufanya uamuzi kama huo kwa kila uso wa jengo: ukuta wa juani, ukuta wa kivulini, paa, mlango, kina cha dirisha. Kontrasti ya picha nzima huja mwisho kabisa, tena kidogo.

Matayarisho

Piga kwa faili ghafi (RAW), yaani data ya kamera kabla haijabanwa, si JPEG. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwangaza kwa kila chaneli. JPEG ina 256. Lakini ngazi si tatizo kubwa zaidi. JPEG huhifadhi mwangaza kwa ukamilifu zaidi kuliko rangi: mara nyingi taarifa za rangi hupunguzwa hadi nusu ya upana au chini ya hapo, kisha picha hukatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kubanwa. Kwa macho hutaona kitu. Ukianza kutumia rangi kuamua weusi na weupe, unavuta ile sehemu iliyopunguzwa, na miraba hiyo inajitokeza angani. Hayo ndiyo madoa yako. Ukipenda kuona picha bila rangi wakati wa kupiga, weka kamera kwenye mtindo wa nyeusi na nyeupe huku ikihifadhi faili ghafi. Skrini itaonyesha kijivu, na faili litabaki na rangi zote.

Ukifungua faili, fuata mpangilio huu kabla ya kugeuza chochote. Washa marekebisho ya lenzi. Ondoa ile mistari ya zambarau na kijani inayotokea kwenye kingo kali, kwa sababu kila mstari wa rangi utageuka kuwa mstari mweupe au mweusi mara tu utakapoanza kuvuta rangi. Punguza punje za rangi, yaani vidoa vya rangi visivyo vya kweli vinavyotokana na kihisi, siyo punje za mwangaza. Punje za rangi ndizo zitakazokuwa chunusi angani. Kisha nyoosha kuta.

Kuhusu kuta: kamera ikiinuliwa juu, jengo huegemea nyuma na mistari ya wima hukutana juu. Programu hunyoosha kwa kutanua sehemu ya juu ya picha, na hapo kuna gharama mbili. Kwanza, nakshi za juu hupoteza ukali, maana pikseli chache zimetandazwa kwenye eneo kubwa. Pili, umbo hubadilika, jengo likaonekana limerefuka au limebonyea. Baada ya kunyoosha, tumia kitelezi cha urefu na upana hadi madirisha ya duara yawe duara tena. Tao au saa ya mnara ni kipimo kizuri kuliko jicho. Kama mwegemeo ulikuwa mkubwa sana, usiunyooshe kwa asilimia mia. Mnara mrefu uliopigwa kutoka karibu na kunyooshwa kikamilifu huonekana mpana juu kuliko chini, ingawa rula inasema umenyooka. Asilimia 80 au 90 humtuliza mtazamaji. Na wakati wa kupiga, acha nafasi kubwa pembeni na juu, kwa sababu kunyoosha hula kona.

Weka pia usawa wa rangi nyeupe uwe wa kawaida. Watu wengi huuruka kwa hoja kwamba rangi itaondolewa tu. Lakini vitelezi vya kuchanganya rangi hutambua pikseli kwa rangi yake. Picha ikiwa na umanjano mwingi, lipu nyeupe itahesabiwa kuwa ya manjano na itafuata kitelezi cha jiwe. Ukisharekebisha, unaweza kuisogeza joto kwa Kelvini (kipimo cha joto la rangi) 500 hadi 1,000 kwa makusudi ukiona nyuso mbili bado zinang'ang'aniana.

Kuchanganya rangi, na siri ya ukuta wa kivulini

Usitumie amri ya kuondoa rangi moja kwa moja. Tumia chombo cha kugeuza chenye vitelezi vya rangi. Programu ya Lightroom ina vinane, kuanzia nyekundu hadi majenta. Photoshop ina sita. Kwenye GIMP na darktable, programu za bure, unachanganya chaneli tatu zenyewe. Kabla ya kugusa kitelezi, tazama chaneli moja moja. Nyekundu kwa kawaida huonyesha mawe na matofali yaking'aa, anga likiwa jeusi na ukungu wa mbali ukiwa umepungua. Kijani ndiyo safi kuliko zote, kwa sababu kwenye kihisi cha kamera nyingi nusu ya vipokea mwanga ni vya kijani, huku nyekundu na buluu zikigawana nusu iliyobaki. Buluu huonyesha anga jeupe, mawe yenye madoa, na punje nyingi. Kila unyevu, kutu na kuvumwani ya manjano iliyoota ukutani huwa nyeusi humo.

Anza taratibu. Kwa jengo la mawe ya mchanga au chokaa, weka rangi ya machungwa kati ya +10 na +25, manjano kati ya 0 na +15, kijani -10 kama kuna miti, buluu kati ya -15 na -30. Namba hizi ni mwanzo, si sheria. Sheria iko kwingine: vitelezi vilivyo jirani visiachane sana. Jiwe halina rangi moja. Sehemu yake inahesabiwa kama machungwa na sehemu nyingine manjano, mara nyingi ndani ya tofali moja. Ukiweka machungwa +50 na manjano -20, utaona ukuta umetoka mabaka kama ugonjwa wa ngozi. Tofauti ikizidi 30 au 40 kati ya majirani, sogeza picha hadi asilimia 100 ukague kabla ya kuendelea.

Sasa jambo ambalo maelezo mengi hayaligusi. Ukuta unaopigwa na jua hupokea mwanga wa manjano. Ukuta wa kivulini haupokei jua. Unapokea mwanga wa anga, ambao ni wa buluu. Kwa hiyo siku yenye anga safi, jiwe lilelile lina rangi mbili, joto upande mmoja na baridi upande mwingine, na tofauti hiyo hukua jua likiwa chini asubuhi au jioni. Ukishusha buluu ili anga liwe jeusi, unashusha pia kila ukuta wa kivulini, kila kina cha dirisha, kila tumbo la tao. Ndiyo maana vivuli vyako vilizama. Wapigapicha wa filamu walilijua hili: kichujio chekundu hakikutia giza anga peke yake, kilitia giza na vivuli.

Lakini sifa hiyohiyo ni zawadi ukiitumia kwa makusudi. Kwenye picha ya pembe ya jengo, ambapo nyuso mbili zinakutana, machungwa hupandisha ukuta wa juani na buluu hupandisha au kushusha ukuta wa kivulini, bila kuchagua eneo lolote kwa mkono. Ukitaka kuona nakshi ndani ya baraza, pandisha buluu hadi +10 au +20 na anga ulishughulikie kivyake baadaye. Mara nyingi huo ndio mwafaka bora: vitelezi vya rangi vitumikie jengo, anga lihaririwe kwa maski, yaani eneo lililochaguliwa ili marekebisho yaliguse hilo tu.

Siku ya mawingu zawadi hiyo haipo. Mwanga unatoka kila upande, nyuso zote zina rangi moja, na vitelezi vitakupa tofauti kati ya vifaa tu: mbao dhidi ya chokaa, tofali dhidi ya jiwe. Siyo mwanga mbaya. Bernd na Hilla Becher, wapigapicha wa Ujerumani, walipiga minara ya maji na mitambo ya viwanda kwa miongo kadhaa wakipendelea anga la mawingu, ili umbo lisomeke bila vivuli kuliingilia. Ila ukipiga hivyo, ujue kazi ya kutenganisha nyuso itakuwa ya mkono.

Kila uso na toni yake

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Jengo husomeka kama jengo pale pembe zake zinapoonekana, na pembe huonekana pale nyuso mbili zinazokutana zinapokuwa na toni tofauti. Programu nyingi huonyesha mwangaza wa pikseli kwa asilimia ukipeleka kishale juu yake. Itumie. Kwa jengo la mawe na chokaa lililopigwa na jua, malengo yafuatayo hufanya kazi:

- lipu ya chokaa juani: 84 hadi 92
- jiwe juani: 62 hadi 78
- uso wa kivulini: 28 hadi 45
- mlango wa mbao wenye nakshi: 18 hadi 35
- ndani ya madirisha na milango iliyo wazi: 4 hadi 10

Kati ya nyuso mbili zinazopakana ziwepo angalau pointi 12. Chini ya hapo pembe inaanza kufutika, hasa kwenye karatasi. Weupe wa 100 na weusi wa 0 viwe vidoa vidogo: mng'ao wa kioo, tundu la ufunguo, ufa. Ansel Adams na Fred Archer, wapigapicha wa Marekani waliopanga mfumo wa kanda mnamo miaka ya 1939 na 1940, waliigawa picha kutoka kanda 0 (weusi mtupu) hadi X (weupe mtupu), na umbile la vitu, kama punje za jiwe na nyuzi za mbao, husomeka vizuri kati ya III na VII. Wazo hilo bado ni sahihi kwenye kompyuta: chochote unachotaka mtu akiguse kwa macho, kiweke katikati.

Kama malengo hayatimii kwa vitelezi vya rangi, chora maski ya kila uso. Tumia chombo cha mistari iliyonyooka, bonyeza kona kwa kona, na ulainishe ukingo kwa pikseli 1 hadi 3 tu. Ukingo laini wa pikseli 40 kwenye pembe ya jiwe huacha utando wa giza unaovuka hadi ukuta wa pili, na pembe inakuwa kama ya sabuni iliyotumika. Ndani ya maski usishushe mwangaza sawasawa. Weka mteremko unaofuata mwanga. Ukuta wa kivulini karibu na ardhi huwa na mwanga kidogo zaidi kwa sababu ardhi ya juani inaurudishia, na chini ya paa huwa na giza zaidi. Ukiupindua mpangilio huo, mtazamaji hatajua kasoro ni nini, ila atahisi.

Kwa kazi ndogondogo, kung'arisha na kukoleza kwa brashi kunatosha. Tengeneza safu iliyojazwa kijivu cha asilimia 50 kwenye hali ya mwanga laini (Soft Light), na upake nyeupe au nyeusi kwa nguvu ya asilimia 5 hadi 10, mpito juu ya mpito. Kwenye nakshi, ng'arisha kingo zinazotazama mwanga na koleza mifereji. Usipake juu ya vyote kwa pamoja. Nguzo na kuba zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Uduara wao unabebwa na mteremko wa toni kutoka upande wa jua hadi upande wa kivuli, kwa hiyo kitelezi cha kuinua vivuli kikizidi +30 nguzo inakuwa ubao. Kitelezi hicho ni kishawishi kikubwa, na picha nyingi za majengo mtandaoni zimeharibiwa nacho: kila pango limefunguliwa, kila kitu kina toni ya kati, na jengo limekosa uzito. Acha baadhi ya giza liwe giza.

Ukimaliza, punguza picha hadi iwe na upana wa sentimita tatu kwenye skrini. Kama pembe, paa na mlango bado vinatambulika, nyuso zimetengana. Kama ni donge moja la kijivu, rudi kwenye maski kabla ya kugusa kontrasti. Baada ya hapo ndipo unaweka mkunjo mdogo wa S kwenye mstari wa toni (Curves): shusha robo ya chini kwa pointi 3 hadi 5, inua robo ya juu kwa kiasi hichohicho, basi.

Anga na ule ukingo mweupe

Ukingo mweupe una vyanzo vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni uchanganyaji wa rangi wenyewe. Pale paa linapokutana na anga, kuna pikseli moja au mbili zilizochanganya jiwe la manjano na anga la buluu. Manjano na buluu zikichanganyika hutoa kijivu kisicho na rangi. Ukishusha buluu hadi -70, anga linashuka, lakini pikseli hizo za mpakani si za buluu, kwa hiyo hazishuki. Zinabaki na mwangaza wao wa awali kama uzi mweupe. Dawa ni kutovuka -30 au -35 kwa kitelezi cha buluu. Giza linalobaki litolewe na maski ya anga: shusha mwangaza kwa nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), na upanue maski kwa pikseli 1 au 2 ili ivuke mpaka na kuingia kidogo kwenye paa. Programu zenye kuchagua anga zenyewe hufanya kazi nzuri kwenye ukuta ulionyooka na kazi mbaya kwenye misalaba, vyuma, bendera na majani. Hapo kagua kwa asilimia 200.

Cha pili ni vitelezi vya uwazi (Clarity) na kontrasti ya maeneo. Hivi hulinganisha kila pikseli na eneo pana linaloizunguka. Karibu na paa jeusi hung'arisha anga, na karibu na anga jeupe hutia giza paa. Hapo ukingo si uzi, ni wingu pana la makumi ya pikseli. Dawa ni moja: vitelezi hivyo viwekwe kwenye maski ya jengo, visiguse anga kabisa.

Cha tatu ni kunoa kupita kiasi, au mstari wa rangi wa lenzi ambao haukuondolewa mwanzoni.

Ukingo ukishakuwepo na huwezi kurudi nyuma, tumia chombo cha kunakili (Clone) kikiwa kwenye hali ya kutia giza tu (Darken), kwa nguvu ya asilimia 40, ukichukua sampuli angani pembeni kabisa mwa ukingo. Kitagusa pikseli nyeupe na kuliacha paa jeusi lilivyo.

Tatizo jingine la anga ni michirizi ya ngazi, pale mteremko laini unapogeuka mikanda. Fanya kazi katika biti 16 mwanzo hadi mwisho, na mwishoni ongeza punje nyembamba sana, asilimia 1 au 2, kwenye anga peke yake. Punje huvunja mikanda, na kwenye chapa hazionekani.

Na je, ni lazima anga liwe jeusi? Hapana, na kwa maoni yangu mtindo wa jengo jeupe chini ya anga la usiku wakati ni saa sita mchana umechosha. Anga la toni 45 hadi 60 juu, likipauka kuelekea upeo, linatosha kuibeba chokaa nyeupe. Jengo jeusi la matofali au lililojaa masizi linahitaji kinyume chake, anga jeupe. Hapo ndipo chaneli ya buluu ni rafiki. Mabamba ya kolodioni, yaani vioo vya kupigia picha vilivyotumika tangu 1851, yaliona buluu karibu peke yake, na mabamba yenye kuona rangi zote yalifika sokoni mnamo 1906. Ndiyo maana picha za majengo za karne ya 19 zina anga tupu jeupe na matofali meusi. Ukitaka sura hiyo, changanya buluu asilimia 70 na kijani 30, uwe tayari kuona kila doa la unyevu ukutani, na upunguze punje kabla.

Umbile la jiwe

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu umbile hutengenezwa na mwanga wa ubavuni wakati wa kupiga. Kama jua lilikuwa mgongoni mwako, hakuna kitelezi kitakacholirudisha. Kama lipo, uwazi wa +10 hadi +20 unatosha kwa jiwe. Kwa lipu ya chokaa weka 0 au hata -5, kwa kuwa uwazi hugeuza kila doa dogo la lipu kuwa uchafu. Noa kwa kipenyo cha pikseli 0.8 hadi 1.0 kwenye jengo tu, tena baada ya kufikisha picha kwenye ukubwa wake wa mwisho. Mistari ya matofali, vigae na vibao vya madirisha hutoa mawimbi ya ajabu picha inapopunguzwa kwa ajili ya mtandao. Ukiyaona, lainisha eneo hilo kidogo kabla ya kupunguza, au punguza kwa hatua mbili.

Kipi usifute

Amua mapema kama picha ni kumbukumbu au ni sanaa. Frederick H. Evans, mpigapicha Mwingereza, alipiga ngazi za kanisa kuu la Wells (Wells Cathedral) mnamo 1903 na alishikilia msimamo kwamba chapa isiguswe. Édouard Baldus, mwaka 1851, aliunganisha hasi (negativu) kadhaa ili kupata ua wenye baraza wa kanisa la Saint-Trophime kule Arles, Ufaransa, ukiwa mkali mbele hadi nyuma. Wote wawili walikuwa na hoja. Lakini kama picha itatumiwa na watu wa uhifadhi, usifute nyufa, viraka vya saruji wala nyaya, na usinyooshe ukuta ulioegemea kwa kweli. Tofautisha mwegemeo wa kamera na mwegemeo wa jengo: kamera huegemeza kuta zote kwa mpangilio, jengo huegemea upande mmoja tu. Hifadhi pia nakala ya rangi. Ukungu wa kijani na masizi meusi vikishakuwa kijivu huwezi kuvitofautisha tena, na kwa anayekarabati ukuta tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kuchapa na kuweka mtandaoni

Chapa nyingi hutoka nyeusi kupita kiasi kwa sababu skrini ilikuwa inang'aa mno. Ishushe hadi kandela (kipimo cha mwangaza) 80 hadi 100 kwa mita ya mraba, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Karatasi isiyong'aa hutoa weusi dhaifu kuliko inayong'aa, na kila kitu kilicho chini ya toni 7 au 8 huungana kuwa donge. Kwa karatasi hiyo inua vina vya madirisha kwa pointi 3 kabla ya kutuma. Chapa ya sentimita 40 kwa 60 kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4,724 kwa 7,087. Kwa pikseli 200 kwa inchi, 3,150 kwa 4,724 zinatosha kwa picha ya ukutani. Kata kwanza kipande kimoja chenye chokaa, jiwe na mlango, ukichape kipande hicho peke yake, kisha rekebisha. Rangi ya joto kidogo, kueneza kwa asilimia 3 hadi 5 tu, hupendeza kwenye jiwe. Ikizidi hapo inakuwa kahawia ya bandia.

Kwa mtandao hifadhi kama picha ya rangi katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, hata kama haina rangi. Mafaili yaliyohifadhiwa kama kijivu tupu huonyeshwa kwa mwangaza tofauti na baadhi ya programu.

Na zile ulizokwisha kupiga kwa JPEG? Zifungue, zigeuze kwanza kuwa biti 16, na usivute kitelezi chochote cha rangi kupita 15 kwa upande wowote. Jengea zaidi kwenye chaneli ya kijani na kidogo ya nyekundu, mfano 60 kwa 40, uiache buluu kabisa. Kwa jiwe na anga la mfano wetu, mchanganyiko huo unatoa 152 na 130: tofauti si kubwa, ila ipo, na anga halina madoa. Iliyobaki imalizie kwa maski.